Mzinga Upi Kwanza? Historia ya Ufugaji Nyuki na Somo la Mizinga Yetu Arobaini



Kila mwaka kijitabu hiki cha harambee huwa na ukurasa wa mweka hazina, na huwa ni tarakimu tupu: tulichopokea, tulichotumia, kilichobaki. Mwaka huu nimeiomba kamati nafasi zaidi, kwa kuwa ipo hesabu moja ambayo tarakimu peke yake haziwezi kuieleza.

Miaka michache iliyopita chama chetu kilinunua mizinga arobaini ya nyuki kwa ajili ya kikundi cha vijana. Ilikuwa mizinga ya fremu, ya kisasa, iliyopakwa rangi nzuri. Hati ya malipo niliisaini mimi. Nilipokwenda kuikagua msimu wa pili, mizinga sita tu ndiyo iliyokuwa na nyuki. Minne ilikuwa imegeuzwa viota vya kuku, mmoja ulikuwa unatunza mbegu za maharage, na ishirini na tisa ilikuwa mitupu. Mzee mmoja aliyefuatana nasi, mrina asali tangu ujana wake, aliniuliza swali moja: "Mwanangu, kabla ya kununua, mlimwuliza nani kati yetu?" Nilikuwa na nukuu tatu za bei kwenye faili. Jibu la swali lake sikuwa nalo.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma na kuuliza habari za mizinga, nyumbani na huku Mbeya ninakofanya kazi. Nilichojifunza ni kwamba kila aina ya mzinga ina historia yake, na ilibuniwa na watu fulani kwa ajili ya nyuki fulani na soko fulani. Anayeanza kufuga asipoijua historia hiyo, atanunua jibu la swali la mtu mwingine, kama tulivyofanya sisi.

Mzinga wa gogo

Kwa Kiswahili, mzinga ni gogo lililotobolewa likawa na uwazi ndani. Ndiyo maana mzinga wa nyuki na mzinga wa vita vina jina moja. Babu zetu walioshuhudia ngome ya Mkwawa pale Kalenga ikipigwa na Wajerumani mwezi Oktoba 1894 waliona mizinga ya aina ya pili. Ile ya kwanza waliijua siku nyingi.

Mzinga wa gogo ni ufundi wenye akili. Ukuta wake ni mnene, kwa hiyo baridi ya Juni na Julai, ambayo kwetu huleta hadi sakitu, haiwafikii nyuki kwa urahisi. Unatundikwa juu ya mti ambako moto wa nyika haufiki na nyegere hupata shida kufika. Hauhitaji misumari wala duka. Nyuki hawanunuliwi, mwenye mzinga hupaka nta kidogo ndani, hungojea msimu wa maua, na kundi linalotafuta makazi huingia lenyewe.

Udhaifu wake upo wakati wa kurina. Masega yameshikamana na ukuta wa gogo, kwa hiyo huwezi kulitoa moja ukaliangalia na kulirudisha. Mrina hupanda usiku na mwenge, hukata anachokifikia, na mara nyingi majana ya nyuki hukatwa pamoja na asali. Kundi likiharibiwa namna hiyo huhama. Mwenge nao ukiangusha cheche kwenye nyasi kavu, msitu huwaka. Sisi tunaoishi kando ya Sao Hill tunajua maana ya moto msituni.

Babu yangu mzaa baba alikuwa na mizinga ya namna hiyo. Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, familia ilihamia kando ya barabara na mizinga ikabaki mahame, mwendo wa nusu siku. Baba anasema babu aliifuata miaka miwili, kisha akaacha. Hakuna aliyemwambia aache, ila umbali ulimshinda. Nalitaja hili kwa sababu mzinga ulio mbali na macho ya mwenyewe hauna faida, uwe wa gogo au wa kisasa.

Enzi ya nta

Wengi wetu tunadhani mzinga siku zote ulikuwa ni habari ya asali. Kwa wafanyabiashara wa zamani habari ilikuwa ni nta. Asali ni nzito, humwagika, na ilitumika hapa hapa kama chakula, dawa na pombe. Nta ilikuwa haiozi, ilifungwa mabonge na kubebwa hadi pwani. Wakati wa Wajerumani nta ilikuwa miongoni mwa mazao yaliyosafirishwa kwenda Ulaya, na chini ya Waingereza Tanganyika iliendelea kuiuza kwa wingi.

Kwa soko la nta, mzinga wa asili ulitosha kabisa. Mrina akikata sega lote, amepata nta yote. Hakuna mnunuzi aliyeuliza kama majana yamekufa.

Serikali ya kikoloni ilianzisha idara ya nyuki mwaka 1949, makao yake yakiwa Tabora, kwenye misitu mikubwa ya miombo. Mtaalamu wake mmoja, Francis Smith, aliandika kitabu juu ya ufugaji nyuki katika nchi za joto kilichotoka mwaka 1960. Ndiye pia aliyewaeleza kitaalamu nyuki wa milimani wa Afrika Mashariki, mwaka 1961, na kuonyesha kuwa wanatofautiana na wa nyika na wa pwani. Kwa hiyo tangu wakati huo inajulikana kwamba nchi hii haina nyuki wa aina moja.

Tabora na kwenye miombo ya Chunya, mzinga mwingine wa asili ni ule wa gome. Gome la mti huchunwa likiwa zima na kufungwa kama pipa. Ni mwepesi na hauna gharama ya fedha. Lakini mti uliochunwa gome pande zote hukauka, na mti huo huo ndio unaotoa maua ya asali. Hapo mfugaji anakula mtaji wake. Kwa lugha ya kazi yangu, huo ni uchakavu wa mali usioandikwa kwenye vitabu.

Mzinga wa fremu ulitoka wapi

Mizinga yetu arobaini ni wajukuu wa uvumbuzi wa mchungaji mmoja wa kanisa nchini Marekani, Lorenzo Langstroth. Mwaka 1851, akiwa Philadelphia, aligundua kuwa nyuki wakiachiwa uwazi mdogo wa milimita sita hadi tisa hivi, hawauzibi kwa gundi wala hawajengi sega ndani yake. Wanauacha kuwa njia. Akatengeneza sanduku lenye fremu zinazoning'inia, kila moja ikiwa imezungukwa na uwazi huo, zikawa zinatoka na kurudi bila kuvunja kitu. Mwaka 1852 alipata hataza.

Uvumbuzi huo ulibadilisha ufugaji nyuki duniani, lakini haukufanya kazi peke yake. Mwaka 1857, Johannes Mehring wa Ujerumani alibuni namna ya kupiga chapa karatasi za nta ili nyuki wajenge sega moja kwa moja ndani ya fremu. Mwaka 1865, Franz von Hruschka akabuni mashine ya kuzungusha masega ili asali itoke na sega libaki zima. Sega linarudishwa mzingani, na nyuki hawapotezi nguvu kujenga jingine. Inakadiriwa kwamba kilo moja ya nta huwagharimu nyuki kilo sita hadi nane za asali, kwa hiyo faida ni kubwa.

Ndugu zangu, kosa langu lilikuwa hapa. Nilidhani nimenunua mizinga. Kumbe mzinga wa fremu ni sehemu moja ya mtambo wenye sehemu tatu, nami nilinunua sehemu moja. Karatasi za nta hatukuwa nazo, mashine ya kuzungusha haikuwepo, na fundi wa kutuchongea fremu mpya zenye vipimo sahihi hakupatikana jirani. Vipimo vikikosewa milimita chache, ule uwazi wa Langstroth haupo tena. Nyuki huunganisha kila kitu, na sanduku la bei kubwa huwa gogo la pembe nne.

Lipo na suala la nyuki mwenyewe. Mzinga ule ulibuniwa kwa nyuki wa Ulaya, ambaye anavumilia kufunguliwa mara kwa mara na anaweka akiba kubwa ya kuvuka miezi ya theluji. Nyuki wetu ana tabia nyingine. Mwaka 1956 mwanasayansi wa Brazili, Warwick Kerr, alichukua malkia wa nyuki kutoka Afrika Kusini na Tanganyika ili kuboresha nyuki wa kwao. Mwaka 1957 makundi ishirini na sita yaliponyoka. Vizazi vyao vilienea Amerika ya Kusini na ya Kati, na mwaka 1990 vikafika Texas, Marekani. Kule waliogopwa kwa ukali wao, lakini wafugaji wa Brazili walipojifunza tabia zao wakawa wanavuna nao vizuri. Ni nyuki hodari, wanaogawanyika haraka, na wanaohama wakisumbuliwa au maua yakikosekana. Kumfungulia sanduku kila wiki ili mgeni apige picha ni kumfukuza.

Sisemi mzinga wa fremu ni mbaya. Aliye na mizinga mingi mahali pamoja, aliyepata mafunzo na mwenye mashine, utamlipa. Ila si mzinga wa darasa la kwanza.

Mzinga wa pau

Kati ya gogo na fremu kuna njia ya tatu. Katika karne ya 17 msafiri Mwingereza, George Wheler, aliona Ugiriki vikapu vya nyuki vilivyofunikwa kwa vijiti bapa juu, na kila kijiti kimebeba sega lake. Miaka ya 1970, huko Kenya, wataalamu wa Kenya na wa Kanada walilitumia wazo hilo na kutengeneza sanduku refu lenye kuta zilizoinama, na juu yake pau zilizopangwa zikigusana. Hapa kwetu ukatokea mzinga wa Kitanzania wa jinsi hiyo hiyo, ambao kuta zake kwa kawaida zimesimama wima na ni rahisi zaidi kwa fundi wa kawaida.

Hauna fremu. Kuna pau tu, na chini ya kila pau nyuki hujenga sega moja linaloning'inia. Kipimo kisichotaka mchezo ni kimoja: upana wa pau uwe milimita 32, ambao ndio nafasi ya sega la nyuki wa Afrika. Kwa nyuki wa Ulaya ni 35. Ukimpa fundi kipimo cha Ulaya, nyuki watajenga masega yakikatiza kutoka pau moja hadi nyingine, na utakuwa umerudi kwenye gogo.

Ukizingatia hilo, mengine ni mepesi. Unainua pau moja tu badala ya kuufungua mzinga wote, kwa hiyo nyuki hawachafuki sana. Unaona lipi lina majana na lipi lina asali iliyoiva, yaani iliyofunikwa kwa nta. Unakata lenye asali, unaacha ya kuwatosha wenyewe, unafunga. Asali inakamuliwa kwa kitambaa safi au mashine ndogo ya kuminya, na nta inabaki kuwa zao la pili.

Hasara zake pia nizitaje. Sega jipya halina waya wala fremu ya kulishika. Ukiliinamisha ubavu siku ya jua kali litakatika. Na kwa kuwa sega hukatwa kila mavuno, nyuki hulazimika kujenga upya, hivyo mzinga wa fremu ulio mikononi mwa mjuzi unaweza kuupita kwa asali.

Sera ya Taifa ya Ufugaji Nyuki ya 1998 na Sheria ya mwaka 2002 ziliupa ufugaji nyuki nafasi yake rasmi, na Waziri Mkuu Mizengo Pinda, aliyekuwa madarakani 2008 hadi 2015, aliuhimiza hadharani. Neno "mizinga ya kisasa" likawa maarufu. Lakini neno hilo linabeba mizinga ya pau na ya fremu kwa pamoja, na sisi tuliposikia "ya kisasa" tuliagiza ile ya gharama kubwa zaidi.

Kila mahali na mzinga wake

Hapa Mbeya sokoni, asali ya Chunya huuzwa kwenye chupa za maji zilizotumika. Hutoka kwenye miombo, na mrina wa Chunya ana msitu mpana na makundi mengi ya porini. Kwake mizinga mingi ya gogo iliyosambazwa bado ni hesabu nzuri, mradi aache kuchuna magome, maana kuni za kukaushia tumbaku tayari zinaipunguza miti hiyo.

Rungwe, na Njombe iliyotengwa na Mkoa wetu wa Iringa mwaka 2012, habari ya sasa ni parachichi. Ua la parachichi hufunguka mara mbili, kwanza likiwa jike, kisha hufunga na kufunguka tena likiwa dume. Anayehamisha chavua kati ya maua hayo ni mdudu, na nyuki ni mmojawapo muhimu. Mwenye shamba la parachichi anahitaji mzinga anaoweza kuukagua na kuusogeza, na hapo sanduku linafaa kuliko gogo. Ila akipulizia dawa mchana wa maua, atawaua vibarua wake mwenyewe.

Mufindi tuna mchanganyiko. Sao Hill miti ilianza kupandwa kwa majaribio mwaka 1939, na upandaji mkubwa ukafuata miaka ya 1960 na 1970. Msindano haumpi nyuki asali. Mlingoti, au mkaratusi kama wengine wasemavyo, humpa kwa wingi. Tunayo pia misitu ya asili kandokando ya chai na maua ya mashambani. Zaidi ya yote tuna viwanda vya mbao na mafundi seremala karibu kila kijiji. Wilaya inayouza mbao nchi nzima haina sababu ya kuagiza masanduku kutoka mbali. Sharti ni mbao iwe kavu. Mbao mbichi hupinda, nyufa hufunguka, siafu na nondo wa nta huingia. Na iwe nene, kwa ajili ya baridi yetu. Somo hilo babu zetu walishalijua.

Kwa anayeanza

Vijana na wastaafu wengi wananipigia simu kuuliza waanze vipi. Jibu langu, baada ya kuwasikiliza warina asali na maafisa nyuki, ni hili.

Anza na mizinga mitatu hadi mitano ya pau. Mmoja hautoshi, kwa sababu nyuki wakikataa kuingia au wakihama huna cha kulinganisha. Ishirini ni mingi kwa mtu ambaye hajawahi kuumwa mara kumi. Ukiwa na mzinga wa gogo wa mzee wako, usiutupe. Uache utundikwe pale pale, ni chanzo cha makundi mapya.

Chagua manzuki kabla ya kununua mzinga. Pawe mbali na nyumba, njia, shule na mifugo, pawe na maji karibu, na pawe mahali utakapofika kwa miguu bila kutafuta kisingizio. Tundika mizinga kwa waya, au iweke juu ya nguzo zilizopakwa grisi dhidi ya siafu. Paka nta kwenye pau. Itundike kabla ya maua, kwa sababu makundi hutafuta nyumba wakati chakula kipo.

Tenga fedha ya mavazi ya kujikinga, bomba la moshi, ndoo safi zenye mifuniko na siku za mafunzo. Kwa nukuu tulizoletewa safari hii, fedha ya mzinga mmoja wa fremu pamoja na vifaa vyake ingetupatia mizinga miwili hadi mitatu ya pau. Na mwaka wa kwanza usiandike mapato. Andika sifuri, ukipata kitu ushukuru.

Ombi la mwaka huu

Kamati imekubali pendekezo la kuanza upya kwa hesabu ndogo. Tunaomba mchango wa mizinga thelathini ya pau itakayotengenezwa na mafundi wetu wenyewe kwa mbao kavu, seti tano za mavazi na mabomba ya moshi ya kuazimana, mashine moja ya kuminya asali, na posho ya warina asali wazee watakaofundisha pamoja na afisa nyuki wa wilaya. Kila kijana atapewa mizinga mitatu kwanza. Atakayeijaza ataongezewa.

Ile ishirini na tisa mitupu hatuitupi. Urefu wa pau za mzinga wa pau, kwa kawaida sentimita 48, unalingana na wa fremu, kwa hiyo tutaondoa fremu, tutaweka pau kumi na moja kila sanduku, na kuyatumia kunasia makundi yatakayohamishiwa kwenye mizinga mikubwa. Ile minne yenye kuku, nimewaachia kuku.

Fedha ile ya kwanza ilitoka mifukoni mwenu, mingine kwa watu wasio na mshahara wa kudumu. Nilipaswa kuuliza zaidi kabla ya kusaini. Safari hii rasimu ya manunuzi imesomwa na yule mzee kabla ya kufika mezani kwangu. Alibadilisha jambo moja tu: tulikuwa tumepanga kutundika mizinga mwezi wa Agosti wote kwa pamoja, naye akasema kila kijiji kiulize maua yake kwanza.

Tumelirekebisha. Karibuni kwenye harambee.